Mkaguzi wa Mfereji

Kikopo chenyewe kidogo, kifuniko cha buluu.
Binti yangu Aikande alikiweka pembeni ya bakuli la mtori
bila haya, kama mtu anayesogeza chumvi.
"Baba, ni choo tu. Kesho asubuhi, kabla hujashuka shambani."

Mtu wa Uru hataji haja kubwa mbele ya mwanawe.
Tunasema "nakwenda migombani",
na migomba haisemi.

Mdogo wangu Kundaeli alikwenda migombani miaka miwili
akiona damu, akiifukia.
"Bawasiri," alisema. "Bawasiri," tulisema.
Mwenye duka la dawa Kiborloni naye akasema bawasiri, akamuuzia tyubu.
Mkanda wake wa suruali aliutoboa tundu jipya, kisha jingine,
kwa msumari uleule.
Tundu la nne hakulitumia.
Sasa masale yamemzunguka.

Nikapeleka kikopo Moshi mjini: kikopo ndani ya gazeti,
gazeti ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kapu, juu yake maparachichi,
askari wa getini asije akauliza.

Siku ya nne simu ikalia.
Kuna damu, isiyoonekana kwa macho.
Nikakaa juu ya jiwe. Lakini mimi niliangalia!
Damu gani hii inayomficha hata mwenyewe?

Miaka thelathini nimekagua mfereji wetu.
Maji yakipungua kwa Mama Ndeanka kule chini,
ufa hauko kwake. Unavua viatu, unapanda.
Unapita kona, unapita kahawa za watu,
unapapasa chini ya ukingo
mpaka kidole kikute pale kaa alipotoboa.
Tundu la kaa halipigi kelele.
Ukilikuta changa, ni konzi ya udongo na jani la mgomba.
Ukichelewa, unaita kijiji kizima, na bado shamba limekwenda.

Basi daktari Lyatuu, kijana wa miwani, alipoanza kwa upole,
"Mzee, tutapitisha kamera, kutokea chini..."
nikamkatiza: kutokea chini ndiyo njia.
Hakuna fundi anayeanzia kwenye banio.

Usiku wa kujisafisha sitausimulia wote.
Dawa ya chumvichumvi, bilauri baada ya bilauri.
Saa nane nilikuwa natoa maji meupe kama ya chemchemi,
nikaona fahari ya kipumbavu:
mfereji uko tayari, mkaguzi na aje.

Nililala ubavu, magoti kifuani, gauni wazi mgongoni.
Nesi Apaikunda alinishika bega.
Kwenye skrini: pango la waridi, linameta, pete ndani ya pete.
Ni mimi huyo?
Kona. Kona nyingine; hapo niliuma meno.
Kisha akasimama.

Kilining'inia ukutani kama uyoga juu ya gogo,
kiduchu, chekundu kuliko jirani zake.
"Huyu hapa," alisema Lyatuu,
na sauti hiyo naijua, nimeitumia mwenyewe nikiwa na matope hadi magotini.
Akatupa kitanzi cha waya. Akavuta.
Sikusikia kitu.

Kiko maabara. Wiki tatu.
Ikiwa ni zaidi ya uyoga, watanipitisha kwenye CT
waone kama maji yamekwenda kwa majirani, kwenye ini, kwenye mapafu.
Sisemi nimepona.
Mkaguzi hasemi maji yamerudi kabla hajayaona shambani.

Jana nilipita kwa Ndelilio, mwana wa Kundaeli.
Ana arobaini na mmoja, anavaa mkanda wa baba yake.
Akanipa kiti, akanimiminia mbege.
Nikatoa kikopo kapuni, nikakiweka kati yetu.
Akacheka. Akaongelea bei ya kahawa. Akaongelea mpira.
Nilipoinuka, alikuwa hajakigusa.
Hakunirudishia pia.